Jiwe la Mtani

Kabla hajaliuliza jiwe bei, Koleta Minza hulipulizia pumzi. Hulishika kwa kibano, hulisogeza mdomoni kama mtu anayetaka kulinong'oneza, halafu hutazama ukungu wa pumzi yake unavyoondoka. Jiwe la kweli halikai na ukungu. Huufuta upesi, kama mtu mwenye haya anavyofuta chozi. Kipande cha chupa huung'ang'ania. Baada ya pumzi huligusisha shavuni, maana jiwe la kweli lina baridi ya mtungi hata saa nane mchana. Mwisho kabisa ndipo huchukua lenzi yake yenye mpini wa bati, akafumba jicho la kushoto na kuingia ndani ya jiwe kwa jicho la kulia.

Kazi hiyo aliifanya miaka sita kwenye baraza ya duka la sonara Nurdini, mjini Tabora, juu ya kigoda, mbele ya meza isiyozidi sinia kwa upana. Jua la asubuhi lilimpata mgongoni, la jioni likampata usoni. Zamani alikuwa kwenye dirisha la vifurushi stesheni ya reli, miaka ishirini na miwili, akipokea mizigo ya Kigoma, Mpanda na Mwanza. Huko ndiko alikojifunza kwamba kitu ambacho mtu anakisifia sana kuwa kimo ndani ya kifurushi, aghalabu hakimo. Alipostaafu, wateja wa Nurdini walikuwa wameanza kutaka pete zenye mawe ya rangi, na mawe hayo, yaliyokwisha kuchongwa ila bado hayajawekwa kwenye pete, yalikuwa yakiuzwa kwa mnada ndani ya simu. Nurdini alijua kufua dhahabu na fedha, simu ilimshinda. Koleta alikuwa na simu, na muda, na shaka.

"Shaka ndiyo mtaji wangu," alipenda kusema. "Pesa ni ya wateja."

Ndani ya duka, chini ya feni, karibu na dirisha, palikuwa na kiti cha mninga. Kilikuwa cha marehemu mama yake Nurdini, aliyekuwa akikaa hapo na kusema neno la mwisho juu ya kila jiwe na kila gramu. Tangu afe hakikukaliwa. Koleta hakukiomba hata siku moja. Alikitazama tu kila alipoingia kunawa mikono. Magoti yake yalikwisha kuchoshwa na kigoda, lakini si magoti peke yake. Aliyekaa pale ndiye aliyekuwa jicho la duka.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa sita Nurdini alitoka barazani akiwa na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, Mama Kabula."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama Advera wa vitenge anamwoza binti yake mwezi wa nane. Anataka pete ya safaya. Buluu yenyewe, si hizi za kijivujivu. Ameshatoa pesa ya jiwe. Ukimpatia safaya ya kumfunga mdomo yule mama, kile kiti hamia."

Koleta aliweka lenzi chini. "Kiti kipi?"

"Kwani viko vingapi?"

"Unanitania."

"Kiti cha mama yangu nikifanyie utani?"

Mnada wenyewe ulikuwa kila Alhamisi saa nne asubuhi. Uliendeshwa na mama mmoja wa Arusha, Yustina, ambaye Koleta hakuwahi kumwona ila alimheshimu kama anavyoheshimiwa mtu mwenye funguo. Muuzaji anatuma video ya jiwe kwenye kundi, wanunuzi wanapandishiana bei kwa maandishi, na Yustina akiandika "Limekwenda" hapana wa kuongeza. Pesa haiendi kwa muuzaji. Inalala kwa Yustina. Jiwe linasafiri kwa basi, mnunuzi analipima siku tatu, akiridhika anasema, na hapo ndipo muuzaji analipwa.

Juu ya sheria hizo Koleta aliongeza zake. Jiwe lipigwe picha juani, si chini ya taa. Liwekwe juu ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono tarehe ya leo na jina lake, Koleta, ili asionyeshwe video ya jiwe la mtu mwingine. Kama lina cheti cha maabara, namba ya simu ya maabara mnunuzi aitafute mwenyewe, asiichukue kwenye cheti. Aliwafundisha hayo wote waliokuja barazani, bure, ila aliwafundisha kwa ulimi mkali. Gerson, fundi baiskeli wa Kaliua, aliwahi kumletea zumaridi aliyoinunua kwa mtu asiyemjua. Koleta aliipulizia, akaitazama mara moja, akamwita muuza kahawa na wapita njia wawili waje kuona. "Zumaridi hii mama yake ni chupa ya soda," aliwaambia. Watu walicheka hadi Gerson akaondoka akisahau kofia yake. Koleta aliitundika kofia hiyo msumarini mwezi mzima, kwa somo.

Sadiki aliingia kwenye mnada huo mwaka uliotangulia. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya kukwaruza na maneno yasiyokauka. Alhamisi ya kwanza Koleta alimdai video ya juani na ya karatasi, na yeye akajibu kwa sauti, kundi zima likisikia:

"Nani huyu anahoji kama hakimu? Koleta wa wapi?"

"Wa Tabora."

"Mnyamwezi! Jamani, mtumwa wangu yumo humu na mimi sina habari! Babu yako alimletea babu yangu pembe za ndovu kichwani, miguu mitupu, miezi mitatu. Na wewe lete pesa."

"Babu yangu alifika kwenu," Koleta akajibu, "akamkuta babu yako amelala chini ya mnazi anangoja dafu limwangukie mdomoni. Mpaka leo mnangoja."

Kundi likafurika vicheko. Tangu siku hiyo Sadiki hakumwamkia, ingawa Koleta alikuwa na umri wa kumzaa. Mtani haamkii. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani ni wa tangu misafara, wapagazi walipokuwa wakishuka kutoka Unyanyembe na kukuta wenyeji njiani, wakapigana, wakalishana, wakazikana. Ukabaki hivyo. Mtani akutukane, avae shati lako, achukue kuku wako mlangoni. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Na siku ukifa, yeye ndiye anayeingia msibani bila kupiga hodi.

Kila Sadiki alipotoa jiwe alimwambia, "Mtumwa wangu, hii chupa. Usinunue." Koleta akanunua ganeti, akaipima siku tatu, ikawa ganeti. Akanunua spineli ya waridi. "Hii sasa chupa ya bia kabisa," Sadiki alisema, na ikawa spineli safi, Nurdini akaiweka kwenye pete ya mke wa daktari. Mara saba aliambiwa ni chupa. Mara saba pesa ililala kwa Yustina na jiwe likawa jiwe.

Kisha Lugembe akafa.

Lugembe alikuwa kaka yake Koleta, mkulima wa mpunga wa Bukene. Koleta aliandika mstari mmoja kwenye kundi, kuomba radhi kwamba anakwenda Bukene kumzika kaka yake, Alhamisi hiyo hatakuwepo. Hakumwita mtu. Siku ya mazishi, kaburi limeshachimbwa na katekista ameshafungua kitabu, ikaingia bodaboda yenye vumbi kutoka Nzega. Akashuka mtu mfupi mwenye kofia ya kiua. Hakumpa mkono yeyote. Alipita katikati ya waombolezaji, akawauliza watu wawili kitu kwa kunong'ona, akachukua koti la marehemu lililokuwa kambani, akalivaa. Halafu akashuka kaburini na kulala chali.

"Chumba hiki nimekipanga mimi," alisema kutoka chini, macho amefumba. "Lugembe akatafute kingine."

Wachimba kaburi wakaegemea majembe. Bibi mmoja akaangua kicheko, akakizuia kwa kanga. Ndipo Koleta akaitambua sauti.

"Sadiki! Toka humo, mbwa wewe!"

"Sitoki. Mtumwa wangu hazikwi bure. Nataka jogoo."

Mjane mwenyewe alikwenda kumkamata jogoo. Sadiki alipanda juu, jogoo kwapani, na hapo akatembea mbele ya watu kama Lugembe alivyokuwa akitembea, mguu wa kulia ukichelewa kidogo, akakohoa kama Lugembe, akaomba tumbaku kwa sauti ya Lugembe. Alikuwa hajamwona Lugembe maishani mwake. Koleta alicheka mpaka akaketi chini, na alipoketi kilio kilichokuwa kimemkwama siku mbili kikatoka chote. Sadiki alichutama kando yake, ndani ya koti la kaka yake, akamwachia bega.

Mtu wa namna hiyo humwekei mlinzi.

Alhamisi ya pili ya mwezi wa saba Sadiki alitoa jiwe la buluu. Halikuwa kubwa, karati tatu hivi, lakini rangi yake ilikuwa ile ambayo mtu akiiona ananyamaza: buluu ya mbingu dakika chache kabla nyota hazijatoka. Chini ya video aliweka sauti.

"Mnyamwezi, nisikilize. Hii ni chupa. Leo sitanii. Ukinunua usije ukanililia."

Kundi lilicheka. Koleta, pale barazani, alicheka pia, akaandika, "Leo na mimi nataka chupa." Akapandisha bei. Mtu wa Mombasa akapandisha. Koleta akapandisha tena, mpaka pesa ya Mama Advera ikafika ukingoni. Yustina akaandika, "Limekwenda. Koleta, Tabora."

Aliomba video ya karatasi, kwa mazoea. "Niandike jina lako au la babu yako mpagazi?" Sadiki alimjibu. Koleta akacheka tena, na video ya karatasi haikuja. Baada ya nusu saa Sadiki akampigia.

"Mtani, nasikia pesa unampelekea Yustina."

"Ndiyo utaratibu, si unajua?"

"Najua. Ganeti nilinyamaza. Spineli nilinyamaza. Lakini mimi nimelala kwenye kaburi la Lugembe, Koleta. Udongo uliniingia masikioni. Leo kati yangu na wewe anasimamishwa askari?"

Koleta aliona aibu, aibu ya kweli, iliyompanda shingoni. Akaituma pesa moja kwa moja kwa Sadiki. Jioni Yustina alimwandikia pembeni: "Dada Koleta, pesa haijapita kwangu." Koleta akamjibu, "Huyo ni mtani wangu." Yustina: "Mtani si cheti, dada." Koleta aliweka simu chini. Alijisemea tu kwamba Yustina hakuwepo Bukene.

Jiwe liliwasili kwa basi Jumanne. Habari ilishasambaa, Mama Advera alikuwa tayari dukani, amekaa kwenye benchi la wateja na pochi mapajani. Nurdini alikuwa amekifuta vumbi kiti cha mninga. Alikuwa amekiwekea hata mto, mto mpya wa kitambaa cha maua.

Koleta alikifungua kifurushi barazani. Akalishika jiwe kwa kibano, akalipulizia. Ukungu ukakaa. Akalifuta kwa pindo la kanga, akapulizia tena, taratibu, kama mtu anayempulizia mtoto kidonda. Ukungu ukakaa. Shavuni lilikuwa vuguvugu. Akachukua lenzi, akafumba jicho la kushoto. Ndani ya buluu ile nzuri kulikuwa na viputo viwili vya mviringo, vimelala pamoja kama mayai ya mjusi.

"Vipi, Mama Kabula?" Nurdini aliita kutoka ndani.

"Ngoja kidogo, mwanangu."

Alisogea mpaka kona ya baraza, akapiga simu. Sadiki alipokea upesi.

"Sadiki, hii ni chupa."

"Ehe."

"Nakwambia ni chupa!"

"Na mimi nilikwambia nini?"

Koleta alishusha sauti. "Mwanangu, tuache utani."

"Sasa nikuambieje? Nikitania unanunua. Nikisema kweli unanunua."

"Hiyo pesa si yangu. Rudisha."

"Mtani akila kuku wa mtani, anarudisha manyoya?" Akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha Bukene, cha kukwaruza, cha mtu mwenye jogoo kwapani. Kisha simu ikakatika, na alipopiga tena haikuita.

Koleta alirudi mezani. Nurdini macho yake ya karibu yalishaharibika. Jiwe aliloambiwa ni safaya yeye huliweka kwenye pete kama safaya. Mama Advera alijua vitenge. Binti angevaa, angesifiwa, angezeeka nalo. Kutoka pale kigodani Koleta aliuona mto wa maua, na feni juu yake ikizunguka bila mtu. Hatua saba. Alizihesabu akizipiga, jiwe kiganjani.

"Ni chupa," alisema.

Mama Advera aliinua uso. "Chupa gani?"

"Hili. Nimeuziwa chupa."

"Kakuuzia nani?" Nurdini aliuliza. Koleta akampa simu. Nurdini akalitafuta kundi, akaibonyeza ile sauti, na sauti ya Sadiki ikajaa dukani: *Mnyamwezi, nisikilize. Hii ni chupa. Leo sitanii. Ukinunua usije ukanililia.*

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Advera, mwenye pesa.

"Kakwambia! Dada Koleta, mtu kakwambia kwa mdomo wake! Kakwambia mpaka usilie!" Alikuwa ameshika meza ya vioo asianguke. "Irudie, Nurdini. Irudie nisikie."

Nurdini akairudia. Muuza kahawa akachungulia. Ikarudiwa kwa ajili yake. Kufikia adhuhuri vijana wa bajaji walikuwa wakimsalimia Koleta kwa sauti ya kukwaruza, "Mnyamwezi, nisikilize!" Kwenye kundi aliandika malalamiko marefu. Wakamjibu kwa vikaragosi vya kucheka, sitini na kitu. Yustina peke yake alijibu kwa maneno: pesa haikupita kwake, na muuzaji alitamka mwenyewe mbele ya watu wote kwamba ni chupa. Hapakuwa na kesi. Mzee mmoja wa Kinyamwezi, mnunuzi kama yeye, alimpigia usiku kumkumbusha adabu: "Mtani hashtakiwi, binti yangu. Unatuaibisha."

Nurdini alimnunulia Mama Advera safaya nyingine kwa pesa yake mwenyewe, kupitia kwa Yustina, kulinda jina la duka. Pia akanunua kipimo cha umeme, kidude kama kalamu, kinachogusa jiwe na kulia. Halafu Jumatatu iliyofuata akatoka barazani, akainua kigoda cha Koleta na kukiegemeza ukutani.

"Mama Kabula, hamia ndani."

Koleta alidhani hakusikia vizuri. "Ndani wapi?"

"Kwenye kiti. Ahadi ni ahadi."

Aliingia. Alikaa. Mto ulikuwa laini na feni ilimpuliza kisogoni kama alivyowaza miaka sita. Nurdini akaleta kisahani cheupe, akaweka ndani yake ile chupa ya buluu, akakisogeza mezani mbele yake. Mteja wa kwanza wa siku hiyo alikuwa mwalimu kutoka Igunga, anataka pete ya uchumba, anaogopa kudanganywa.

"Hapa hudanganywi, mwalimu," Nurdini alimwambia. "Sisi tumeshapigwa, tumefundishika. Muone huyu mama. Mama Kabula, mhadithie." Na kabla hajafungua mdomo, akachukua simu na kuibonyeza ile sauti.

Ndiyo kazi yake sasa. Mawe yanapimwa na kile kidude, yeye anahadithia. Mshahara hapati mpaka pesa ya Nurdini iishe kurudi, na hiyo itachukua muda. Ameshajifunza mahali pa kutua ili wateja wacheke: baada ya jogoo, na baada ya "leo sitanii". Akiharakisha, Nurdini anamrudisha nyuma: "Umeruka kaburi, Mama Kabula." Hakuna anayempelekea jiwe alipulizie.

Gerson alikuja kutoka Kaliua makusudi. Alisimama mbele ya kiti, akachukua chupa ya buluu kwenye kisahani, akaipulizia pumzi, akautazama ukungu kwa makini, kama alivyofundishwa.

"Na hii," aliuliza kwa upole, "mama yake ni soda gani?"

Koleta akamwambia kofia yake bado iko, iko nyumbani, ameifua. Gerson akasema kaa nayo, mama, ina faida kwako.

Saa saba binti yake, Kabula, humletea chakula ndani ya hotpoti. Siku moja ya mwezi wa kumi alimkuta mama yake amekaa wima, mikono mapajani, amemaliza kuhadithia mara ya nne.

"Kabula."

"Naam, mama."

"Nikifa, yule Sadiki asiitwe."

Kabula alifungua hotpoti, akachota ugali, akauweka kwenye sahani pamoja na mlenda.

"Watani hawaitwi, mama. Huwa wanakuja tu."

Koleta alimega tonge, akalichovya, hakulifikisha mdomoni. Mlangoni palikuwa pamesimama mume na mke wageni, wanatazama pete dirishani. Nurdini akawakaribisha, akajifuta mikono, akanyoosha mkono kuchukua simu.